Uzio wa Mbawakawa

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua imenyesha asubuhi tu, tena kwa uvivu. Mchana nimeshuka kijitoni, kule shamba langu linakoishia, nikakuta maji yameanza kurudi nyuma na kuacha ukanda mweusi wa tope unaong'aa kama ngozi ya kambale. Kesho tutaanza.

Asiyewajua mbawakawa wa tope atadhani ukanda ule hauna kitu. Mbawakawa huyu ni mfupi kuliko punje ya mchele. Rangi yake ni kahawia, na mgongoni ana michirizi ya njano iliyopinda kama mshono wa cherehani mbovu. Miguu yake ya mbele ni mipana, ina miiba kama reki, na kwa miguu hiyo huchimba njia chini kidogo tu ya uso wa tope, hata juu pakainuka kamstari kembamba. Ukimtafuta kwa jembe humpati. Inabidi umwagie ukingo maji taratibu na kukanyagakanyaga. Yeye hudhani mto umefurika, hutoka mbio, husimama juani kidogo akijikausha, kisha huruka.

Nimefundisha baiolojia mpaka nikastaafu, na kwa miaka yote hiyo niliyekwenda naye kijitoni ni Evodia peke yake. Yeye ni muuguzi mstaafu wa wodi ya wazazi, mjane kama mimi. Kila Jumamosi ya majira ya tope, yeye humwaga maji, mimi huangalia na kueleza. Ndivyo tulivyogawana kazi.

Jumamosi, 5 Aprili

Evodia hakuja peke yake.

"Mwalimu, leo nimekuletea mwanafunzi," alisema akiwa bado juu kwenye matuta ya maharage.

Mwanafunzi mwenyewe ni Stumai, mpangaji wake wa chumba cha uani. Ni mama wa umri wetu kutoka Kasanga, kando ya ziwa, anauza samaki wa migebuka sokoni. Ana sauti ya mtu aliyezoea kuita mtumbwi ulio mbali.

"Habari za shuleni, Mwalimu?"

"Nimestaafu."

"Aa, wapi! Mbona umeshika chaki?"

Ilikuwa lenzi yangu ya mkono. Nikamweleza lenzi ni nini. Nikamweleza pia kwamba maji humwagwa kidogokidogo, kutoka juu ya ukingo kushuka chini, ili wadudu watoke kwa zamu tuweze kuwaona. Akaitikia vizuri kabisa, akachukua ndoo akaimwaga yote kwa mkupuo.

Wakatoka wote, wakaruka wote. Mmoja akaingia kwenye mtandio wake. Stumai akapiga ukelele, akazunguka, akateleza, na Evodia akacheka mpaka akakaa kitako kwenye tope na kitenge chake kizuri. Sikumbuki ni lini Evodia alicheka hivyo kwa sababu yangu.

Sikupata hata mmoja wa kuangalia.

Jumapili, 6 Aprili

Misa ya kwanza. Evodia alikaa benchi la nyuma. Magoti, kasema.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimepika chai ya watu wawili. Nimekunywa chai ya watu wawili.

Jumamosi, 12 Aprili

Leo nimesikia maneno yangu yakitoka kwenye kinywa kingine. Nilichelewa kushuka, na nilipokaribia nikamsikia Evodia akisema:

"Huyu hali tope, shoga. Anakula ule utelezi wa kijani ulio juu ya tope. Tope analimeza tu njiani, linapita."

"Kumbe! Kama mimi na ugali wa harusini. Shida yangu ni nyama, ugali unapita tu."

"Na hii miguu ya mbele ina meno, ona."

"Miiba," nikasema nikifika. "Meno ni kitu kingine kabisa." Nikaeleza tofauti ya jino na mwiba. Sikuchukua muda mrefu.

Stumai akanyoosha kidole juu. "Mwalimu, naomba ruhusa kwenda nje."

Evodia akatazama pembeni, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka.

Jambo jingine nililoligundua leo: Stumai anaitwa shoga. Alihamia mwezi wa kwanza. Mimi bado ni Mwalimu.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Stumai, ambaye si Mkristo, ametuletea migebuka ya kukaanga kwa ajili ya sikukuu yetu. Ilikuwa mitamu. Ingekuwa na chumvi nyingi ningefurahi zaidi.

Jumanne, 22 Aprili

Manyunyu. Nimepalilia vitunguu.

Jumamosi, 26 Aprili

Nitaandika sababu ya ng'ombe kwanza, kwa kuwa ndiyo nitakayowaambia watu.

Ng'ombe wa Kashinje wamepita kwenye ukingo wangu. Kashinje na mkewe Minza ni Wasukuma, walihamia hapa na mifugo yao zamani kiasi, na mahali pao pa kunywesha ni kivukoni, mto unapopinda. Lakini ng'ombe hawasomi mipaka. Kila mwaka hukatisha kwangu wakifuata majani mabichi, na mwaka huu wameacha mashimo ya kwato kila mahali. Majike wa mbawakawa sasa wanataga. Kila jike huchimba kijumba kidogo ndani ya tope, hutaga humo, hujifungia na mayai yake. Kwato moja ikishuka, kijumba kimekwisha. Hiyo ni sababu ya kweli, na mtu yeyote mwenye elimu ataikubali.

Sasa sababu nyingine.

Juzi Alhamisi nilishuka kuchota maji ya vitunguu nikakuta tope limelowa kutoka juu kushuka chini. Lilikuwa limemwagiwa taratibu, kama nilivyofundisha. Palikuwa na nyayo za watu wawili. Za mmoja ni za yebo za plastiki, mguu mpana. Za mwingine ni za viatu vya mpira ambavyo kisigino cha kushoto kimekatwa kwa wembe ili kisibane. Nilikata mimi mwenyewe kile kisigino, jikoni kwangu, Evodia akiwa ameweka mguu kwenye kigoda.

Walikuja Alhamisi. Alhamisi si siku yetu. Walikuja kwenye shamba langu, wakamwaga maji, wakaona, wakaondoka, na hawakugonga mlango. Nilikuwa ndani nachambua maharage. Ningesikia.

Nimejiuliza kama naona wivu. Najua maana ya neno. Wivu wanao watoto na wanaume wenye wake vijana. Mtu wa umri wangu anayehuzunika kwa sababu rafiki yake ametazama wadudu na mtu mwingine ana tatizo ambalo halina jina kwenye kitabu chochote nilichofundishia. Lakini nimekaa na tatizo hilo tangu Alhamisi, na linakula vizuri kuliko mimi.

Nitaweka uzio.

Jumatatu, 28 Aprili

Meshack fundi amekuja na fito za mikaratusi. Nimemweleza habari ya vijumba vya mayai. Amesikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo Mwalimu, huu uzio ni wa wadudu?" Nikamwambia ndiyo. Akaendelea kuchimbia.

Ameweka kageti kadogo. Nimenunua kufuli.

Jumamosi, 3 Mei

Walikuja wote wawili na ndoo. Wakasimama nje ya uzio kama watu waliofika dukani wakakuta limefungwa.

"Kuna nini, Mwalimu, umefuga simba?" Stumai aliuliza.

Nikawaeleza kuhusu mayai na kwato. Nilieleza vizuri, nadhani sijawahi kueleza vizuri zaidi. Kisha nikampa Evodia ufunguo wa pili. Nilikuwa nimeufunga kwenye utepe wa bluu.

"Huu ni wako," nikasema. "Watu wakiwa wengi humu ndani wanaharibu. Lakini wewe unajua pa kukanyaga."

Evodia akautazama ule ufunguo kwenye kiganja chake. Hakuuliza ufunguo wa Stumai uko wapi. Ana akili, katika maisha yake ya kazi amewatoa ndugu wengi kwenye wodi kwa upole.

"Mwalimu," akasema, "mimi nimekuja na mgeni."

Akauning'iniza kwenye ncha ya ufito, juu ya geti, pale mtu yeyote anaweza kuufikia. Wakashuka wakifuata mto. Nikadhani wamekwenda nyumbani. Baada ya muda nikasikia kicheko kutoka kivukoni, halafu sauti ya Minza, halafu kicheko tena. Watatu sasa.

Ufunguo nimeuchukua. Uko hapa mezani.

Jumatano, 7 Mei

Mvua kubwa, labda ya mwisho. Tope langu ni laini, safi, halina hata alama ya kwato. Linapendeza.

Jumamosi, 10 Mei

Mbawakawa wengi. Nimewatazama mpaka shingo ikauma. Niliwaona wawili wakikutana kwenye njia moja, mmoja akarudi nyuma kumpisha mwenzake. Nikasema, "Umeona huyo?"

Jumamosi, 17 Mei

Wachache. Nadhani ni baridi. Majani membamba yameanza kuchipua upande wa juu.

Jumatano, 21 Mei

Nimemwona Evodia sokoni, amekaa nyuma ya meza ya Stumai, anafunga samaki kwenye gazeti. Muuguzi mkuu mstaafu! Akanifungia wawili. "Chukua, Mwalimu, usilipe." Nikalipa.

Jumamosi, 24 Mei

Nimemwaga ndoo nne, wametoka wawili. Upepo wa kipupwe umeanza, na wadudu hupunguza mwendo kwenye baridi kwa sababu miili yao haina joto lake yenyewe. Hiyo inatosha kueleza.

Kivukoni wanacheka. Kule nako ni baridi ileile.

Jumamosi, 31 Mei

Evodia amekuja nyumbani, peke yake, jioni jua likiwa bado lipo. Nilifurahi mpaka nikamwaga maji ya birika.

Akakaa. Akasugua magoti. Akasema, "Mwalimu, nataka nishuke Kasanga. Stumai anafunga biashara kipindi hiki cha baridi anarudi kwake ziwani. Amesema twende wote. Kule joto. Magoti yangu hayataki tena kipupwe cha Sumbawanga."

Nikamweleza kuhusu mbu wa ziwani. Nikamweleza kwamba malaria kwa mtu aliyezoea huku juu ni kali zaidi, kwa sababu mwili umesahau. Nikamweleza kuhusu mamba. Nikamweleza hali ya barabara ukishapita Matai, inavyoteremka kwa kona, na breki za mabasi.

Alisikiliza. Chai yake hakuigusa.

"Umemaliza?"

"Kuna suala la maji ya kunywa. Kipindupindu..."

"Haya, malizia na hicho."

Nikamalizia na hicho.

"Mwalimu," akasema, "haya yote nayajua. Mimi ndiye muuguzi. Unajua kwa nini napenda kukaa na Stumai? Ananiuliza. Anataka kujua mtoto hugeukaje tumboni, kwa nini mama mwingine hutapika na mwingine hatapiki, wale wadudu wanalala wapi. Ananiuliza, nafikiri, namjibu, na nikikosea tunacheka. Wewe tangu tufahamiane hujawahi kuniuliza kitu ambacho jibu lake hulijui."

"Nakuuliza kila Jumamosi."

"Unanipa mtihani kila Jumamosi."

Nilitaka kumwambia kwamba hiyo ni njia inayokubalika ya kufundishia. Nashukuru Mungu mdomo ulikataa.

"Utakaa huko mpaka lini?" nikauliza.

Akatabasamu kidogo. "Hilo ndilo hulijui, eti? Hata mimi silijui. Nikipapenda, nitakaa."

Akainuka kwa kushika meza. Nikamsindikiza mpaka barabarani. Tulitembea bila maneno, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba maneno ya njiani siku zote yamekuwa yangu.

Jumatatu, 2 Juni

Upepo.

Jumanne, 3 Juni

Upepo. Nimekasirika siku nzima. Kama ningeulizwa, ningesema namkasirikia Stumai.

Jumamosi, 7 Juni

Leo ni Idi. Nilialikwa. Niliwaambia nina kikohozi.

Saa ya mchana Meshack alipita akanipa hotpoti ya pilau. "Mama Stumai amesema ule likiwa la moto, Mwalimu, na dawa ya kikohozi ni hiyo tangawizi iliyowekwa pembeni." Pembeni kweli kulikuwa na kipande cha tangawizi kimefungwa kwenye karatasi. Alijua kwamba ni uongo, na bado ameniletea dawa yake. Nimekula. Nimekwangua mpaka chini.

Kisha nikashuka kwenye uzio wangu na ndoo. Nikamwaga, nikakanyaga. Hakutoka hata mmoja. Nikamwaga mahali pengine, hakutoka. Nikapiga magoti nikatafuta vile vistari vya njia zao, lakini hapakuwa na tope la kuviona. Palikuwa na majani. Yamefunga kuanzia juu mpaka karibu na maji, mazuri, mabichi, kama zulia la ofisini. Mahali palipobaki wazi pamekauka na kupasuka. Nilisimama ndani ya uzio wangu, ufunguo shingoni, nikiwa mlinzi wa majani.

Nikaenda kivukoni. Nilijiambia naenda kulinganisha tu. Hapakuwa na mtu. Minza alikuwa amekwenda kula pilau kama watu wengine wote.

Nitaeleza nilichokiona, kwa sababu ndiyo kazi ninayoiweza. Kwato ya ng'ombe ikizama kwenye tope huacha kikombe. Kikombe hushika maji, na maji huzuia nyasi zisiote. Samadi hulisha ule utelezi wa kijani, na utelezi ndio chakula. Kwenye kuta za kila kikombe palikuwa na vistari juu ya vistari, kama kitambaa kilichotariziwa. Palipo na nyayo za watu, hata zile za yebo, palikuwa hivyohivyo. Ni kweli kwato huvunja kijumba kimoja. Lakini hufungua nafasi ya vijumba kumi.

Haya si mageni kwangu. Nimeyaandika ubaoni mara nyingi: kuna viumbe ambao makazi yao hudumu kwa sababu tu yanavurugwa. Miaka yote wale wadudu walikuwa kwangu kwa sababu ng'ombe wa Kashinje walikatisha, na kwa sababu watu wawili walikuja kila wiki kukanyaga. Mimi nimewafungia nje ng'ombe, na Stumai, na kwa hiyo Evodia, halafu nikashangaa ndani hakuna kitu.

Nikafungua ukuta wa kikombe kimoja kwa ncha ya kisu, taratibu. Ndani palikuwa na kijumba, na jike, na mayai yake meupe yamekusanywa pamoja. Mwanga ulipoingia hakukimbia. Alianza kuzunguka akigusa yai moja baada ya jingine, kwa mdomo au kwa papasi zake za kichwani, sikuona vizuri. Alipomaliza akaanza tena. Niliangalia mpaka miguu ikafa ganzi. Siku zote nimesema "jike hulinda mayai," nikaenda kwenye sentensi inayofuata. Lakini kulinda si kugusa. Kwa nini anayagusa?

Nikageuka nimwulize Evodia.

Nilikaa pale kivukoni muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya misa nimekwenda kwa Evodia moja kwa moja, sijavua hata kilemba. Mlango una kufuli. Mwanawe Yonas alikuwa anafagia uwanja.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mama yuko wapi?"

"Ameshuka Kasanga na basi la alfajiri, yeye na mama Stumai. Jana jioni alikuja kwako kukuaga. Hakukukuta ndani, akashuka mtoni. Anasema geti lilikuwa limefungwa."

Nilikuwa kivukoni. Kati yetu palikuwa na kona moja tu ya mto.

Jumatatu, 9 Juni

Nimeng'oa uzio. Nilianza mwenyewe, na ufito wa tatu ukanishinda. Minza akaniona kutoka ng'ambo akavuka.

"Mwalimu, unahama?"

"Nataka ng'ombe wako wapite hapa."

Akaweka mikono kiunoni. "Hawahawa? Mwezi uliopita walikuwa wezi."

"Nilikosea."

"Wadudu wamekubali?"

"Wadudu ndio wamenituma."

Akacheka mpaka akaegemea ufito, na ufito ukaanguka. Tukang'oa nyingine pamoja. Wakati wa kuondoka akasema, "Mama Yonas alikuwa akija kivukoni anakutaja kila saa. 'Mwalimu angekuwepo angesema hivi, Mwalimu angekataa hivi.' Mimi nikamwambia, si umwite basi?"

"Akasemaje?"

"Akasema Mwalimu haitwi. Mwalimu ndiye anaita."

Alhamisi, 19 Juni

Ng'ombe wamepita mara kadhaa. Ukingo wangu ni mbaya, umechafuka, unanuka. Vizuri.

Jumamosi, 21 Juni

Nimempigia simu. Nyuma nilisikia maji na watu wanacheka. "Magoti yanaendeleaje?" Akasema yanaendelea vizuri. Nikamwambia hiyo ni kwa sababu ya joto, kwamba joto hulegeza... Mtandao ukakatika. Sijui kama ni mtandao.

Jumamosi, 28 Juni

Kistari kimoja kwenye tope langu. Kimoja, kifupi, kimepinda. Sikumwaga maji. Nimemwacha.

Jumamosi, 5 Julai

Hajasema atarudi lini. Yonas naye hajui. Chumba cha uani kimepangishwa kwa mtu mwingine, kwa hiyo Stumai harudi kulala pale, na kama Stumai harudi pale...

Nimewaza habari za Stumai wiki nzima, na ni ajabu, kila nikitafuta ubaya wake naishia kwenye kile kipande cha tangawizi.

Ijumaa, 11 Julai

Nimenunua tiketi. Sijamwambia mtu.

Jumapili, 13 Julai, Kasanga

Naandika kwa Stumai, barazani, bila sweta.

Nilifika jana mchana. Barabara baada ya Matai inateremka kwa kona, na breki za basi ni kama nilivyomweleza Evodia, lakini hilo sitalirudia kwa mtu. Nyumba haikunipa taabu, niliuliza mtu mmoja tu, akasema, "Fuata kicheko."

Stumai alinikuta mlangoni. Akanitazama, mimi na begi langu na viatu vyangu vya vumbi.

"Karibu, Mwalimu. Umekuja kukagua?"

"Nimekuja kuuliza," nikasema.

Kisha akaita kwa ile sauti ya mtumbwi, "Shogaaa! Njoo uone maajabu!" Akanipokea begi.

Evodia alitoka akijifuta mikono. Alikuwa anatembea vizuri. Ningependa kuandika kwamba nilifurahi tu kumwona anatembea vizuri, lakini amevaa khanga ya Stumai, na niliiona khanga kabla ya magoti. Bado nipo vilevile. Nadhani nitakuwa vilevile.

Leo asubuhi walinipeleka mahali kijito kinapoingia ziwani. Kuna tope pale, jekundu kidogo kuliko letu. Wako. Ni wadogo zaidi, na michirizi yao ni myembamba. Nilitaka kusema jambo kuhusu rangi. Stumai akanitazama, nikaweka ulimi mahali pake.

Evodia alimwaga maji. Nilipoona kijumba nikakifungua kwa kisu. Jike alikuwemo na mayai yake. Mwanga ulipomfikia akaanza, yai moja, jingine, jingine.

"Evodia," nikasema, "nimemwona mwingine hivihivi kivukoni kwa Minza, siku ya Idi. Hakimbii. Anayagusa yote, kisha anarudia. Sijui kwa nini. Nimetafuta, sijui. Wewe unaonaje?"

Akanitazama usoni kuhakikisha. Nilimwacha ahakikishe. Kisha akachukua lenzi mkononi mwangu, akainama, akaangalia kwa muda mrefu.

"Anayahesabu," Stumai alisema. "Kama mimi na samaki wangu, nikiona mteja mjanja."

"Inaweza kuwa anafuta ukungu," Evodia akasema. "Humu kuna unyevu, mayai yangeoza. Sijui, nadhani tu." Akaendelea kuangalia. "Lakini wodini, Mwalimu, nimeona mama aliyejifungua salama, mtoto mzima, amelala, halii, hana tatizo lolote. Na mama anamgusa. Anaacha kidogo, anamgusa tena. Nilipokuwa kijana nilikuwa nawaambia, mwache alale. Baadaye nikaacha kuwaambia. Hakuna anachorekebisha. Anataka tu kujua kwamba bado yupo."

Palikuwa na mengi ya kusema. Mdudu si mama wa wodini, na mtu aliyesoma hapaswi kumpa mdudu hisia za binadamu. Somo hilo nimelifundisha kila mwaka. Lilikuja lote mpaka kwenye meno.

"Sikulijua hilo," nikasema.

"Hujaniuliza," akasema Evodia. Akarudisha kipande cha tope juu ya kijumba, taratibu, akakibana kwa kidole gumba. Kisha akashika mkono wangu ili nimsaidie kusimama, na aliposimama hakuuachia mara moja.

Stumai alikuwa ameshachota ndoo nyingine. "Haya, endelea, Nesi," akasema. "Huyu mwanafunzi mpya haelewi haraka."

Evodia akaendelea. Alieleza njia nzima mpaka nyumbani.